Je, wajua tetemeko lililotokea kabla ya seismografu, mashine inayorekodi mitikisiko ya ardhi, hupimwaje?

Dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ilianza kuchimbwa mwaka 1886. Seismografu ya Johannesburg, aina ya Wiechert yenye pendulamu ya kilo 200, ilifungwa mwaka 1910. Mitikisiko ya miaka iliyotangulia imebaki zaidi kwenye magazeti na ripoti za migodi.

Wengi hudhani kazi ni kutafuta habari yenye uharibifu mkubwa kuliko zote, kisha kutangaza kwamba hilo ndilo lililokuwa tetemeko kubwa. Sivyo, na penye migodi kosa hili hupotosha vibaya. Uharibifu hueleza ukali wa mtikisiko mahali pamoja. Ukubwa ni nguvu iliyotoka kwenye chanzo. Shika taa karibu kabisa na meza: duara dogo litang'aa sana. Inyanyue hadi darini: mwanga utafifia, lakini utafika kila pembe ya chumba. Taa ni ile ile. Ndivyo tetemeko dogo la mgodini, lililoanzia mita mia kadhaa tu chini, linavyoweza kuangusha dohani huku kitongoji cha pili kikiendelea na usingizi.

Kwa hiyo mtafiti huchora ramani kwanza. Kila mahali hupewa daraja: kwa kipimo cha Ulaya cha EMS-98, waliolala wakiamka wengi ni V, lipu ikianza kupasuka nyumba nyingi ni VI. Ukali ukishuka haraka kadiri unavyokwenda mbali, chanzo kilikuwa karibu na uso wa ardhi. Ukubwa hukadiriwa kwa kulinganisha upana wa eneo lililotikiswa na matetemeko ya baadaye yaliyopimwa kwa mashine. Ukingo wa eneo hilo ndio unaosumbua, maana gazeti haliandiki kwamba jana hakukutokea kitu.

Tarehe nazo zina mitego. Gazeti la wiki likinakili la kila siku, hunakili na neno "jana" lake. Saa rasmi ilikuwa saa moja na nusu mbele ya Greenwich tangu 1892, ikawa saa mbili kuanzia Machi 1, 1903. Asiyezingatia hilo huorodhesha tetemeko moja mara mbili.

Je, yote yalitoka migodini? Kamati iliyochunguza mitikisiko ya Ophirton, kitongoji cha Johannesburg, mwaka 1908 ilisema nguzo za mwamba zilizoachwa chini zilikuwa zikilemewa na kuvunjika ghafla. Mtafiti wa leo hutazama pia saa: mitikisiko ikirundikana baada ya muda wa kulipua baruti, mgodi unashukiwa. Ila usiku wa kimya watu husikia zaidi, kwa hiyo dalili hiyo pekee haitoshi.

Jaribio zuri lingekuwa vita vya Makaburu na Waingereza vya 1899 hadi 1902, migodi mingi iliposimama. Bahati mbaya, wakazi wengi wa Johannesburg nao walikuwa wameuhama mji, wakiwamo waandishi wa barua za malalamiko.