Wanaofanya kazi ya misaada ya maafa: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Watu wa misaada ni Wazungu." Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, nayo inawanyima haki watu wengi. Ukweli ni kwamba zaidi ya tisa katika kila wafanyakazi kumi wa misaada duniani ni wenyeji wa nchi wanakohudumu.

Tazama Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, iliyotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020. Waliougua ni 3,470, waliofariki 2,287. Huko Beni na Butembo, waliopita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alimgusa mgonjwa, kisha wakarudi siku 21 mfululizo kuangalia kama huyo aliyemgusa ana homa, walikuwa watu wa hapohapo. Mazishi nayo yalibebwa na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo: wanapuliza klorini, wanamtia marehemu kwenye mfuko, na ndugu wamesimama kando wakilia kwa kuwa hawaruhusiwi kumwosha mtu wao. Kesho yake wanakutana na ndugu haohao sokoni. Watoto wachanga ambao mama zao wamelazwa walilelewa na wanawake waliopona Ebola, maana hao walikwisha kupata kinga. Waliwabeba, wakawalisha, wakawaimbia. Mgeni asiye na kinga hiyo angelazimika kuifanya kazi hiyo akiwa amejifunika gubigubi, na mtoto asingemwona hata uso.

Wengine hudhani wote ni madaktari na wauguzi. Kipindupindu kikiingia kambini, fundi wa maji na dereva wa boza huokoa roho nyingi sana. Kiwango kinachotakiwa ni angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Chanjo ya Ebola ilipaswa kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au kali zaidi, kwa hiyo aliyehakikisha jenereta haizimi naye alikuwa mwokozi.

Mjini Beni ilivuma kauli kwamba Ebola ni biashara na watu wa misaada ndio walioileta. Hawakuileta. Lakini tusiwacheke waliosema hivyo: tangu 2014 walikuwa wakichinjwa na waasi bila msaada wa maana, halafu ghafla barabara zikajaa magari ya mashirika.

Wala watu wa misaada si malaika. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika operesheni hiyohiyo ya Ebola, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa shirika hilo. Kuna wanawake walioambiwa watoe miili yao ndipo wapate kazi. Anayeipenda kazi hii hana budi kulisema hilo waziwazi.

Na hatari? Dunia ilimsikia Sérgio Vieira de Mello, Mbrazili, mjumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Iraki, aliyeuawa Baghdad mwaka 2003 pamoja na wenzake 21. Wachache walisikia habari za Biakato, Ituri, na Mangina, Kivu Kaskazini, Novemba 28, 2019, walipouawa watu wa kazi ya Ebola: mchanjaji mmoja, madereva wawili na polisi. Mwaka 2024 wafanyakazi 383 wa misaada waliuawa duniani, karibu wote wenyeji. Hali ikichafuka, mgeni huondolewa kwa ndege. Mwenyeji hubaki, mara nyingi na mkataba wa muda mfupi.