Punda aliyetulia si lazima awe mzima

Kazi yangu ni kutibu punda hapa Lamu, na maneno ninayoyasikia sana kutoka kwa wenye punda ni haya: "Daktari, huyu hana neno, ametulia tu." Nikiyasikia, namwangalia mnyama huyo mara mbili. Farasi akisokotwa na tumbo hujibwaga chini, akajigaragaza, akawa anageuka kujitazama ubavu, na kila aliye karibu akajua kuna jambo. Punda mwenye maumivu yayo hayo mara nyingi husimama pembeni, kichwa kimeshuka kidogo, na watu wakampita wakimsifu kwa subira.

Tabia hii ameirithi. Asili yake ni punda-mwitu wa nyika kame za kaskazini-mashariki mwa Afrika, kule Eritrea, Ethiopia na Somalia. Malisho ya huko ni haba, basi punda hawakuzoea kuishi makundi makubwa ya kukimbia pamoja kama pundamilia. Aliyechechemea waziwazi aliliwa. Na akishtuka, kabla ya kukimbia huganda kwanza, apime hatari. Kichochoroni tunamwona ameganda tunasema mkaidi, bakora ikafuata, naye kumbe ameogopa bomba la maji lililokatisha njia au turubai linalopigwa na upepo.

Tangu hospitali ya punda ya shirika la The Donkey Sanctuary ifunguliwe hapa mwaka 1987, watu wengi wamezoea kuleta punda mwenye kidonda cha mgongo au kwato iliyooza. Hilo ni jambo kubwa na nawashukuru. Lakini kidonda kinajionyesha chenyewe. Tabu iko kwa yule asiye na alama yoyote.

Chukua punda mmoja niliyemkuta pwani, akisubiri kupakiwa mchanga. Mwenyewe alinihakikishia anakula vizuri, na kweli, mdomo ulikuwa ukienda. Nikachutama kando yake nikatazama majani badala ya mdomo. Alikuwa akichukua fungu, anatafuna upande mmoja, kisha linaanguka chini limeviringika kama donge, limelowa mate. Hakuna kilichomezwa. Masikio yalikuwa yameelekea pembeni, hayakufuata sauti za watoto waliopita wakipiga kelele, na juu ya macho ngozi ilikuwa imekazwa. Tulipomfungua kinywa, magego yalikuwa na ncha kali zilizokwisha kuchana shavu kwa ndani. Meno ya punda husogea nje karibu maisha yake yote, na yasipolika sawasawa hugeuka visu. Mtu aliyemtazama kwa mbali angeapa kwamba punda yule anakula.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoendesha punda: jueni kwanza kawaida ya mnyama wenu, halafu mtafute alichoacha kufanya. Mmoja kawaida yake ni kulia alfajiri, leo hakulia. Mwingine akivuliwa shogi, lile tandiko la mizigo, hukimbilia mchanga kujigaragaza; jana alisimama tu. Miguu nayo itazameni. Kupumzisha mguu wa nyuma ni kawaida, wote hufanya. Akiwa anasogeza mbele mguu mmoja wa mbele ili usibebe uzito, au anahamisha uzito huku na huku bila kutulia, hapo kuna maumivu ya kwato au kiungo. Na kama mnaweza, hesabuni pumzi akiwa kivulini amepumzika: punda mzima aliyekomaa huvuta kati ya 12 na 28 kwa dakika.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu kinapima pia mkono wa binadamu. Mwendee polepole kutoka mbele, mkono chini. Punda asiyeteswa hugeuza masikio kwako, pengine akanyoosha pua kukunusa. Aliyezoea kipigo hugeuza kichwa mapema, mkia ukabana matakoni, na ukiinua mkono hata kujikuna, anajikunyata. Anayenihuzunisha zaidi ni yule wa tatu, ambaye hafanyi lolote. Hakimbii, hakusogelei, nzi wamejaa machoni wala hatikisi kichwa. Huyo ama anaumwa sana, ama amekata tamaa.

Tunasema asante ya punda ni mateke. Mimi siikubali. Kabla ya teke, punda huwa amelaza masikio nyuma, amepiga mkia, amekaza mwili, amejaribu kusogea. Kamba ya tandiko inamchoma kidonda na amesema kwa kila njia aliyonayo. Ukiona teke, angalia mahali ulipokuwa umemgusa.

Raha nayo ina dalili zake, na tuzitafute kwa bidii ileile. Punda wawili wakisimama kinyume, kila mmoja akimkuna mwenzake shingoni kwa meno, hapo pana amani. Punda anayelala chini kabisa kati ya wenzake anajihisi salama. Punda hushikana wawili wawili, urafiki wa miaka. Ukiuza mmoja, au akifa, aliyebaki anaweza kuacha kula, na kwa punda kuacha kula ni hatari kubwa: mwili huanza kuyeyusha mafuta yake, damu ikajaa mafuta, ini likashindwa. Wanene na wenye mimba ndio huzidiwa haraka. Kwa hiyo rafiki akifa, mwacheni mwenzake akae na mzoga mpaka auache mwenyewe, kisha mumchunge chakula chake kwa siku kadhaa. Na mkimleta punda hospitali, mleteni na rafiki yake. Kuwatenganisha kunaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Wa Lamu tuna hatari moja ya ziada, mifuko ya plastiki jalalani. Inajikusanya tumboni, inaziba, na punda yuleyule "aliyetulia" anakufa akiwa amesimama kimya. Ukimwona hajala toka asubuhi, kinyesi kimepungua au hakipo, kichwa chini na anatazama ukuta, usimpe dawa ya kubahatisha wala usingoje kesho. Mvue shogi, mtoe juani, mwekee maji safi, na mpeleke kwa daktari jioni ileile.