Entropi na sifuri ya baridi

Jumapili nilikuwa soko la Kibuye, hapa Kisumu, na mpwa wangu aliye chuo. Tukijipenyeza kati ya mitumba na mikokoteni, akaniambia, "Mjomba, entropi ndiyo hii: fujo tupu." Nikanyamaza. Tulipofika kwa wauza samaki, barafu ikamkumbusha jingine: kwamba kwenye sifuri kabisa, yaani baridi ya mwisho kabisa, atomu zote husimama tuli, na ndiyo maana entropi huisha. Hapo uvumilivu ukanishinda.

Entropi ni kipimo cha idadi ya namna ambazo chembe za kitu zinaweza kujipanga na kugawana nishati, huku kitu chenyewe kwa nje kikibaki vilevile. Basi.

Neno lenyewe halina vurugu ndani yake. Mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius alilibuni mwaka 1865 kutokana na neno la Kigiriki tropē, yaani kugeuka, akalifananisha makusudi na "eneji", yaani nishati. Mzizi huohuo umo katika "tropiki", ile mistari miwili ambako jua likifika upeo wake, kaskazini au kusini, hugeuka na kurudi. Sisi wa Kisumu, jirani wa ikweta, tunaishi katikati ya neno hilo na bado tunaliita fujo! Hesabu ya mipangilio aliileta mwanafizikia Ludwig Boltzmann baadaye, wala hakuwa analalamikia chumba kisichofagiliwa.

Sasa hiyo sifuri. Nyuzi −273.15 za Selsiasi hazifikiki, hukaribiwa tu. Kitu kikizidi kuzikaribia, namna za kujipanga hupungua, na kwenye fuwele (kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa safu) isiyo na dosari huelekea kubaki moja. Namna moja ndiyo entropi sifuri. Nishati haiishi hapo: atomu hubaki na mtikisiko ambao hakuna baridi inayoweza kuzinyang'anya. Tazama heli, gesi ya kujaza mabaluni. Kwa kanieneo (mgandamizo) ya kawaida ya hewa haigandi hata uipoze vipi, maana atomu zake ni nyepesi, na mtikisiko huo unatosha kuzizuia zisishikane. Ili igande, sharti uibane kwa takriban mara 25 ya kanieneo hiyo. Bila hivyo hubaki kiowevu kinachotiririka, na bado entropi yake inakaribia sifuri.

Kwa hiyo, mpwa wangu, Kibuye kuna msongamano tu. Na ukitaja sifuri kabisa, sema mpangilio umebaki mmoja. Ile barafu ya samaki uliyoionyesha ilikuwa nyuzi 273 juu ya huko, na ilishaanza kuchuruzika mezani.