Maumivu baada ya operesheni: nani anasema nafuu imetosha?

Nesi ananiuliza maumivu yako ngapi kati ya 0 na 10, sa mi nitajuaje?
0 ni huna maumivu kabisa, 10 ni makali kuliko yote unayoweza kuwaza. Hakuna kufeli hapo, we taja yako. Shida wengi wanajibu wakiwa wamelala chali hawajajigusa, mama aliyejifungua kwa operesheni anasema 3, akiambiwa akae amnyonyeshe mtoto anang'ang'ania kitanda kwa mikono miwili. Kwa hiyo taja mbili, ya kulala na ya kujigeuza au kukohoa. Ya pili ndo muhimu zaidi, maana asiyeweza kukohoa wala kuvuta pumzi vizuri yuko kwenye hatari ya nimonia, na asiyetembea damu inaweza kumganda miguuni.

Ikishuka kutoka 8 hadi 7 si nafuu hiyo?
Kwenye faili ndiyo, ila wengi hawaoni tofauti ya maana. Utafiti mmoja wa 2001 kwa wagonjwa wa maumivu sugu ulikuta mtu anaanza kusema "afadhali sana" ikishuka kama pointi 2, yaani karibu asilimia 30. Na aliyeanzia juu kabisa huwa anahitaji kushuka zaidi.

Dawa mpya je, wanajuaje inasaidia kweli?
Hapa kuna kitu nakipenda sana. Mtu kang'olewa gego la mwisho, ganzi imeisha, anameza dawa na anakabidhiwa saa mbili za kubonyeza zote zinakimbia. Akihisi tu kaunafuu anasimamisha ya kwanza, ya pili anaiacha mpaka aone mwenyewe kwamba sasa nafuu hii ina maana kwake. Daktari haruhusiwi kumbonyezea! Wapo wanaobonyeza ya kwanza, ya pili hawaigusi, wanaishia kuomba dawa nyingine, na hilo nalo linaandikwa.

Mi sina hizo saa za kubonyeza, niseme nini wodini?
Sema hivihivi: "Nimemeza saa 2, saa 3 imepungua kidogo, ila chooni bado siwezi kwenda." Hiyo inamsaidia daktari kuliko "bado inauma". Na wale wa kukwambia kaza moyo, waache, kuvumilia hakuponyeshi kidonda. Ila usijiongezee Panadol kimyakimya, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na ile ya kwenye dripu inahesabiwa humohumo.

Lazima ifike 0?
Hapana, wengi wanaridhika ikiwa kama 3. Ila ikiwa ilishashuka halafu ikapanda ghafla, au kuna homa, mshono unatoa usaha, mguu mmoja umevimba, ita nesi hapohapo, usisubiri raundi ya asubuhi.

Na mtoto asiyejua namba?
Kuanzia kama miaka 3 anaonyeshwa picha za nyuso, ya kucheka mpaka ya kulia, anagusa yake. Mama usimwoneshee kidole.