Kimemo cha seneta hakitoi viza

"Seneta akipiga simu moja tu ubalozini, viza inatoka." Maneno haya nimeyasikia kwa Kiswahili cha Kigoma, cha Bukavu na cha Mombasa, na kila anayeyasema huyasema kama mtu aliyeshuhudia. Hajashuhudia. Kasikia kwa jirani, na jirani kasoma kwenye kundi la WhatsApp. Mimi kazi yangu ni makaratasi ya uhamiaji hapa Anchorage, jimbo la Alaska, Marekani, na leo nalijibu hili mara moja kwa wote.

Tumekulia kwenye nchi za vimemo. Mkubwa akiandika kimemo, mtoto anapata nafasi shuleni na mzigo unatoka bandarini. Tukifika huku tunamtafuta mkubwa wa hapa, na Alaska inatudanganya zaidi kwa sababu wakubwa wenyewe ni watatu tu: maseneta wawili, na mbunge mmoja peke yake katika Baraza la Wawakilishi. Jimbo linakaribia ukubwa wa Tanzania mara mbili, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 733,391. Kwa uchache huo, kukutana na seneta uwanja wa ndege si ajabu. Mtu akishapiga naye picha, anadhani kesi ya mdogo wake imekwisha.

Ofisi ya mbunge inachotuma ni ulizo. Linakwenda USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, au Wizara ya Mambo ya Nje, linauliza faili liko wapi na limekwama kwa nini. Kanuni ya 43 ya Seneti imetaja anachoruhusiwa seneta: kuomba taarifa, kuhimiza shauri lisicheleweshwe, kupanga miadi, kutoa maoni yake, na kuomba uamuzi utazamwe upya anapoona hauendani na sheria. Kuamuru hakumo. Kanuni hiyo ilipitishwa 1992, baada ya maseneta watano kuumbuka kwa kumkingia kifua tajiri Charles Keating mbele ya wasimamizi wa mabenki. Ndiyo maana msaidizi wa seneta atakusikiliza vizuri, kisha ataandika barua ya adabu ambayo wewe utaiona imepoa.

Chukua kesi ninayoletewa kuliko zote: raia wa Marekani anamwombea ndugu yake wa tumbo moja. Ombi la I-130, fomu ya kumwombea jamaa, limekubaliwa, na sasa kimya. Sheria imetenga viza 65,000 kwa mwaka kwa ndugu wa raia, dunia nzima, na foleni yake imeshavuka miaka 15. Seneta akiuliza, atajibiwa kwamba tarehe ya huyu bado haijafika. Jibu hilohilo liko wazi kwenye jedwali la viza ambalo Wizara ya Mambo ya Nje hulitoa kila mwezi. Kumrusha mtu foleni ni kubadilisha sheria, na sheria inataka mabaraza yote mawili na saini ya rais. Upo muswada unaoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyetajwa jina, ndiyo, na kuna wanaokuja mbio wakisikia hivyo. Inayopita ni ya kuhesabu kwa vidole, na miaka mingine haupiti hata mmoja.

Viza ya matembezi iliyokataliwa chini ya kifungu 214(b) ni hivyohivyo. Afisa wa ubalozi hakuridhika kwamba mama atarudi nyumbani, na uamuzi huo sheria imempa yeye. Na jaji wa mahakama ya uhamiaji ndiyo usiseme.

Kinachoniudhi ni kwamba ofisi hizi zina msaada mkubwa, ila watu wanaupeleka mahali pasipo. Grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, imetumwa kwenye anwani ya zamani ikapotea. Faili limepita muda wa kawaida na hakuna anayejibu simu. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa vibaya, na wenzetu mliopitia kambi za wakimbizi mnajua jinsi nusu ya ukoo ilivyoandikwa kuwa imezaliwa Januari 1. Mafao ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii, yamesimama bila maelezo. Hapo ulizo la mbunge linafanya kazi kweli, maana faili lililosahaulika linatolewa kwenye rafu na mtu analazimika kuandika jibu.

Lakini fomu ijazwe sawasawa. Chini ya Sheria ya Faragha ya 1974, idara haiwezi kumwonyesha mbunge taarifa zako bila ruhusa yako ya maandishi. Ni karatasi moja: jina kama lilivyo kwenye ombi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya A (namba ya faili lako la uhamiaji), namba ya risiti yenye herufi tatu na tarakimu kumi, na saini ya kalamu. Watu wengi wanakwama kwenye saini. Mume ndiye aliyepeleka I-130, lakini anayesaini ni mke aliyeko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, inarudishwa. Au risiti ina majina mawili, fomu ina matatu, inarudishwa.

Kwenye nafasi ya maelezo, tafadhali sana, msianze na vita vya Kongo vya 1996. Andika: risiti yangu ni ya tarehe fulani, muda wa kawaida umepita, naomba kujua faili linasubiri nini. Basi. Kisha uchague ofisi moja kati ya zile tatu. Ukituma kote, wasaidizi wataanza kuulizana nani anaishika kesi, na wewe utazidi kungoja.

Mengine nayapitia haraka. "Mimi si raia, sikumpigia kura." Viti vya Baraza la Wawakilishi vinagawanywa kwa hesabu ya watu wote wanaoishi kwenye jimbo, na wewe umehesabiwa. Mwenye grinikadi anahudumiwa, mkimbizi anahudumiwa, na chama hakiulizwi. Kinachoulizwa ni kama unaishi Alaska, kwa hiyo shemeji wa Minneapolis aende kwa mbunge wake.

"Lazima umpe mtu kitu kidogo." Huduma ni bure. Anayekudai dola mia mbili ili akufikishie fomu kwa seneta ni tapeli, hata kama mnasali kanisa moja.

"Mbunge atatuchangia msiba." Hapana. Fedha anazopewa kuendesha ofisi ni za mishahara ya wasaidizi, pango na safari za kikazi. Hana Mfuko wa Jimbo kama wenzake wa Tanzania na Kenya.

"Seneta ndiye anayetukata PFD." Huyu unamwonea. PFD ni gawio la Mfuko wa Kudumu, fedha ambazo jimbo huwapa wakazi wake kila mwaka, na huamuliwa Juneau, makao makuu ya jimbo, na bunge la jimbo lenye wawakilishi 40 na maseneta wake 20, pamoja na gavana. Mwaka 2016 gavana Bill Walker alilikata kwa kura yake ya turufu, kila mtu akapata dola 1,022. Mwaka 2022 likafika 3,284. Washington haikuhusika. Juneau haina barabara ya kuiunganisha na miji mingine, unaingia kwa ndege au meli, lakini bunge la jimbo lina ofisi za taarifa kwenye miji mingi ambako unaweza kutoa maoni yako kwa simu kamati ikiwa inaketi. Sijawahi kumwona Mswahili mwenzangu mle, na kelele za PFD kila vuli ni zetu. Maombi yenyewe hupokelewa Januari 1 hadi Machi 31.

Na ofisi za maseneta na mbunge zipo hapahapa Anchorage, hakuna haja ya kupiga Washington. Kule saa zimetutangulia nne: ukimaliza chakula cha mchana ukapiga saa saba, wao ni saa kumi na moja jioni.