Kabla hujasema moyo wa mgonjwa unakwenda ovyo

Juni hapa Dodoma upepo wa asubuhi unakata. Asubuhi moja ya namna hiyo tulimpima mzee aliyetoka upande wa Bahi. Alilala kifua wazi, nyaya zikabandikwa, mashine ikatoa karatasi yenye mstari uliojaa vimeno kuanzia mwanzo hadi mwisho. Daktari kijana niliyekuwa naye zamu akaitazama na kusema, "Daktari, hii ni fibrilesheni ya atiria," yaani vyumba vya juu vya moyo vinakwenda ovyo.

Nikampa kipande cha karatasi tupu. Nikamwambia akiweke juu ya ECG, ile karatasi ya umeme wa moyo, atie alama za kalamu kwenye ncha mbili zinazofuatana za QRS, lile wimbi refu la kila pigo, kisha akisogeze mbele. Alama zikaangukia kwenye ncha, tena na tena, hadi mwisho wa karatasi. Tukamwomba radhi babu, tukamfunika blanketi hadi shingoni, tukasubiri akapata joto, tukarudia kipimo. Vimeno vikaisha, na wimbi P, lile dogo la vyumba vya juu vya moyo, likajitokeza kabla ya kila QRS. Babu alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Misuli ya mwili nayo ina umeme, na mashine haibagui. Katika fibrilesheni ya kweli, umeme wa vyumba vya juu vya moyo huvurugika kabisa: wimbi P halipo, na umbali kati ya QRS hubadilika bila utaratibu wowote. Ndiyo maana mimi huanza na umbali, si na mstari wa chini unavyoonekana.

Kupima umbali hakuhitaji kifaa. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mkubwa ni 0.2, kwa hiyo dakika moja ina miraba mikubwa 300. Ukikuta miraba minne kati ya QRS mbili, gawa 300 kwa 4: mapigo 75 kwa dakika. Mapigo yasiyo na mpangilio usiyafanyie hivyo. Hesabu QRS zilizomo ndani ya miraba mikubwa 30, yaani sekunde 6, uzidishe kwa 10. Na soma kasi iliyochapwa pembeni! Mashine ikiwa imewekwa milimita 50, moyo unaopiga 80 utausoma 40.

PR ya kawaida, yaani kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, ni miraba midogo 3 hadi 5; upana wa QRS ni chini ya 3. Hayo utayazoea haraka.

Hili la fibrilesheni nalisisitiza kwa sababu ya dawa. Mama kijana ambaye vali ya moyo wake ilibana baada ya homa ya rumatiki utotoni, akipata fibrilesheni, damu inaweza kuganda moyoni na kumletea kiharusi. Anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa hiyohiyo, angepewa yule babu, ingemweka kwenye hatari ya kuvuja damu bure. Nilimshika kifundo cha mkono kabla hajavaa shati: mshipa ulipiga sawasawa, 72.