Macho makavu: mtambue mtaalamu kwa vipimo vyake

Ukieleza kwamba macho yanachoma kama yametiwa mchanga, kisha baada ya dakika tatu ukatoka na kichupa cha matone, umeuziwa dawa tu. Anayejua kutibu ukavu wa macho hupima kwanza, na wewe unaweza kumfuatilia ukiwa umeketi pale pale kitini.

Ataanza na maswali. Unameza dawa gani? Zile za mzio zinazoleta usingizi hukausha machozi. Je, mdomo nao hukauka, na viungo huuma? Macho makavu, mdomo mkavu na viungo vinavyouma vikija pamoja, huenda ni ugonjwa wa kinga ya mwili, na utahitaji daktari mwingine pia. Kazi yako nayo ina maana: anayekaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa) kule Obunga, Kisumu, hushinda kwenye moshi, mwendesha boda boda wa Nakuru hushinda kwenye upepo na vumbi.

Kisha utaweka kidevu kwenye darubini ya macho. Atagusisha jicho rangi ya fluoresini, awashe mwanga wa buluu, akwambie usipepese. Anahesabu sekunde hadi utando wa machozi upasuke. Ukipasuka kabla ya sekunde 10, machozi yako hayadumu, hata kama yanakutiririka mashavuni. Jicho likikereka hububujika maji mepesi yasiyokaa.

Mara nyingi kinachokosekana ni mafuta. Kwenye ukingo wa kope kuna tezi ndogo ndogo zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke upesi. Kope ikibonyezwa, mafuta mazuri hutoka maangavu kama ya kupikia. Yaliyoharibika hutoka mazito kama dawa ya meno. Asipogusa kope zako, muulize kwa nini. Tiba ya tezi hizo ni taulo la moto, kama nyuzi 40, kwa dakika 10. Hapa ndipo wengi hukosea: taulo hupoa baada ya dakika mbili hivi, kwa hiyo lichovye tena na tena, kisha kanda kope ya juu ukishuka na ya chini ukipanda.

Karatasi ya Schirmer, ya kupimia wingi wa machozi, huja baada ya kipimo cha rangi kwa sababu hukera jicho. Huning'inizwa kwenye kope ya chini, upande wa sikio, dakika 5. Ikilowa chini ya milimita 5, maji ni haba. Usitie matone kwa muda wa saa mbili kabla ya vipimo, na beba vichupa vyote unavyotumia.

Mpima macho au afisa wa kliniki wa macho anatosha kuanzia. Usipopata nafuu, nenda kwa daktari bingwa: hospitali ya Jaramogi mjini Kisumu, Sabatia kule Vihiga, au hospitali ya rufaa ya Nakuru. Piga simu kwanza uulize kama vipimo hivi vipo. Jina la daktari litafute kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, mtandaoni. Leseni huhuishwa kila mwaka. Maumivu makali, doa jeupe kwenye kioo cha jicho au uoni kufifia ghafla havisubiri miadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Ukihitaji matone zaidi ya mara nne kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi (kemikali ya kuzuia matone yasiharibike), kwani kihifadhi chenyewe huunguza jicho kavu. Matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, usijinunulie kemisti: hutuliza haraka, lakini yakitumiwa kwa muda hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Daktari akikuandikia, muulize utaacha lini, na presha ya jicho itapimwa tarehe gani.